Muziki wa Gemu: Sanaa Inayomsubiri Mchezaji

Katika Super Mario World, gemu iliyotoka Japani mwaka 1990, kuna jambo dogo ambalo wengi walioicheza utotoni hawakuligundua mpaka walipoambiwa ukubwani. Mario anatembea peke yake na muziki unakwenda zake, tuni nyepesi ya kuchangamsha. Anakutana na yai. Yai linapasuka, anatoka Yoshi, dinosau wa kijani, na Mario anamrukia mgongoni. Papo hapo ngoma ndogo za bongo zinaingia chini ya tuni ileile. Akishuka, ngoma zinanyamaza. Akipanda tena, zinarudi. Tuni yenyewe haikatiki wala haianzi upya. Ni kama muziki umeona kwamba sasa kuna mtu juu ya mnyama.

Mtunzi wa muziki huo ni Koji Kondo. Nakuomba uzishike ngoma hizo akilini, kwa sababu kwangu mimi mjadala wa kama muziki wa gemu ni sanaa unaanzia hapo, ingawa kwa kawaida watu huuanzishia kwingine.

Huuanzishia kwenye tuzo na kumbi kubwa, na kweli hizo zipo. Kila mwaka Maktaba ya Bunge la Marekani huchagua rekodi 25 za kuhifadhiwa kwa thamani yake ya kihistoria, kitamaduni au kisanaa. Mwaka 2023 iliichagua tuni ya Super Mario Bros. ya 1985, kazi ya Kondo huyuhuyu, na huo ukawa muziki wa kwanza wa gemu kuingia humo. Mwaka 2025 ikafuata albamu ya kwanza ya muziki wa Minecraft, ya Mjerumani Daniel Rosenfeld anayejulikana kwa jina la C418. Agosti 2022 BBC Proms, tamasha la muziki wa okestra, lilitenga usiku mzima kwa muziki wa gemu ndani ya Royal Albert Hall, London. Mwaka 2021, michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilipofunguliwa, timu za mataifa ziliingia uwanjani zikisindikizwa na muziki wa Dragon Quest, Final Fantasy na gemu nyingine za Kijapani. Nazo tuzo za Grammy zilianzisha kipengele cha pekee cha muziki wa gemu mwaka 2023, na wa kwanza kukitwaa akawa Stephanie Economou, kwa muziki wa Assassin's Creed Valhalla: Dawn of Ragnarök.

Ukiyapanga hayo yote mezani utadhani kesi imekwisha. Mimi naona imekwisha nusu, kwa sababu maswali mawili tofauti yamefungwa kwa kamba moja. La kwanza linauliza kama muziki huu ni mzuri kiasi cha kukaliwa chini na kusikilizwa. La pili linauliza kama ni aina nyingine ya utunzi, yenye ustadi wake ambao hauna nafasi katika simfonia, filamu wala wimbo wa redioni. La kwanza limejibiwa kwa makofi. La pili wengi wanaopiga makofi hayo hawajawahi kuliuliza.

Kutoka mlio hadi muziki

Gemu za mwanzo zilikuwa na milio tu. Pong ya 1972 ililia mpira ulipogonga, basi. Kisha mwaka 1978 kampuni ya Taito ikatoa Space Invaders, gemu aliyoibuni Tomohiro Nishikado, na ndani yake kukawa na noti nne nzito zinazoshuka, zikijirudia bila kukoma. Wavamizi wanateremka safu kwa safu. Kadiri unavyowapunguza ndivyo waliobaki wanavyozidi kwenda mbio, na noti zile nne zinaharakisha pamoja nao mpaka zinakuwa kama moyo wa mtu aliyetishwa. Mwendo huo wa wavamizi ulitokana kwanza na udhaifu wa mashine, ambayo ilichora maumbo machache upesi kuliko mengi. Nishikado aliona jambo hilo linaongeza utamu, akaliacha.

Noti nne si wimbo, najua. Lakini tayari zina sifa ambayo haimo katika kazi kubwa nyingi za okestra: anayeamua kasi yake ni yule aliyeshika mashine.

Mwaka 1983 Nintendo ilileta Famicom, mashine yake ya kuchezea gemu nyumbani, na chipu yake ilikuwa na chaneli tano za sauti. Mbili zilitoa mlio mkali wa kubeba tuni, moja ilitoa sauti ya mviringo iliyofaa kwa besi, moja ilitoa mchakacho ambao watunzi waliugeuza kuwa ngoma, na ya tano iliweza kupiga vipande vifupi sana vya sauti iliyorekodiwa. Huko Marekani, kompyuta ya Commodore 64 ya 1982 ilikuwa na chipu ya sauti ya SID, kazi ya Bob Yannes, yenye sauti tatu tu, na Waingereza kama Rob Hubbard na Martin Galway walijijengea jina juu ya sauti hizo tatu. Wengi wao waliandika muziki moja kwa moja kama programu, namba chini ya namba, bila karatasi ya noti.

Hapo ndipo hila zilipozaliwa. Ukitaka noti tatu ziimbe pamoja na umebakiwa na chaneli moja, utafanyaje? Utazizungusha noti hizo tatu moja baada ya nyingine kwa haraka mno, mpaka sikio lichoke kuzitenganisha na kuzikubali kama sauti moja nene. Ule mlio wa kutetemeka, unaometameta kama maji juani, ambao hadi leo mtu akiusikia anasema "hii ni gemu ya zamani", ulitokana na uhaba. Watunzi wa leo wenye okestra nzima kwenye kompyuta bado wanauiga kwa sababu umeshakuwa rangi yake yenyewe.

Tena nafasi haikuwepo. Super Mario Bros. nzima, yaani picha, hatua zote, sheria za mchezo na muziki, ilikaa ndani ya kilobaiti 40. Picha moja ya simu ya leo inaimeza mara nyingi. Basi mtunzi alikuwa na sekunde chache za muziki, na sekunde hizo zingejirudia saa nzima kwa mtoto aliyekwama mahali pamoja. Tuni mbovu inaudhi ikirudi mara ya tano. Hii ilipaswa kuvumilika ikirudi mara ya mia mbili. Nadhani ndiyo maana tuni za kipindi kile zimeganda hivi vichwani mwa watu, maana waliozitunga walijua hazina pa kujificha.

Watunzi wasio na majina

Ilichukua muda mrefu kuuheshimu muziki huu, na sababu mojawapo ni nyepesi tu: watu hawakujua umetungwa na nani. Gemu nyingi za Konami za miaka ya 1980 na 1990 zilitaja tu Konami Kukeiha Club, jina la pamoja la watunzi wa ndani ya kampuni. Manami Matsumae, aliyetunga muziki wa Mega Man ya 1987 katika kampuni ya Capcom, aliandikwa kwa jina la utani. Huko Capcom wanawake walikuwa wengi kwenye chumba cha muziki, na Yoko Shimomura, aliyetunga sehemu kubwa ya muziki wa Street Fighter II ya 1991, alitokea humo. Vijana waliojua tuni zake kwa moyo walikuja kulijua jina lake miaka mingi baadaye.

Japani yenyewe haikungoja. Mwaka 1984 Haruomi Hosono, mwanamuziki aliyekwisha kuwa maarufu kwa kundi la Yellow Magic Orchestra, alisimamia albamu ya muziki wa gemu za Namco, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Kisha akaja Koichi Sugiyama. Huyu hakuwa kijana wa kompyuta. Alizaliwa 1931, alikuwa mtunzi wa televisheni na matangazo, na alipotunga Dragon Quest ya 1986 alikuwa na umri wa miaka 55. Aliisikia gemu kwa sikio la mtu wa okestra, na mwaka 1987 muziki wake ulipigwa jukwaani Tokyo na wapigaji wa ala halisi. Mwaka 2020 serikali ya Japani ilimtunukia heshima ya mtu mwenye mchango katika utamaduni, mwaka mmoja kabla hajafariki.

Nje ya Japani mambo yalichelewa. Agosti 2003 lilifanyika tamasha la okestra la muziki wa gemu mjini Leipzig, Ujerumani, ndani ya ukumbi wa Gewandhaus, likiandaliwa na Thomas Böcker. Ukumbi huo una okestra yenye karne kadhaa nyuma yake, na mji huo ndio alimofanyia kazi Bach, mtunzi mkubwa wa karne ya 18. Mwaka 2005 ikawa zamu ya Hollywood Bowl, Los Angeles. Mwaka 2013 London Symphony Orchestra ikapiga Final Symphony, iliyojengwa juu ya muziki wa Final Fantasy, katika ukumbi wa Barbican.

Mwaka huohuo 2013 kulitokea kisa kilichowashtua wengi Uingereza. Redio ya Classic FM huwaomba wasikilizaji wake kila mwaka kupigia kura kazi wanazozipenda, na kwa kawaida orodha hujaa majina ya karne zilizopita. Safari hiyo Rachmaninov alishika namba moja, lakini namba tatu ikaenda kwa Nobuo Uematsu na Final Fantasy, na namba tano kwa Jeremy Soule na The Elder Scrolls. Wapo walionung'unika kwamba wapenzi wa gemu walijipanga mitandaoni kupiga kura. Walijipanga kweli. Lakini mtu hahangaiki kumpigia kura mtunzi asiyemgusa, na Uematsu, aliyejifunza muziki mwenyewe bila kupita chuo cha muziki, alikuwa amewagusa.

Sala kwenye ukurasa wa mwanzo

Sasa nifike kwenye kazi inayotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko wengine wote. Muziki wa kwanza wa gemu kushinda Grammy umeimbwa kwa Kiswahili. Ni "Baba Yetu" ya Christopher Tin, iliyotungwa kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005. Tin na mbunifu mkuu wa gemu hiyo, Soren Johnson, waliwahi kukaa chumba kimoja chuoni Stanford, na alipoombwa muziki wa kufungulia gemu alichukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Ndani ya gemu iliimbwa na Talisman, kikundi cha chuo hichohicho. Baadaye aliirekodi upya na Soweto Gospel Choir kwa albamu yake ya 2009, na Februari 2011 ikapata Grammy ya upangaji wa ala unaosindikiza waimbaji.

Sikio la Kiswahili linasikia humo jambo ambalo majaji hawakuwa na njia ya kulisikia. Katika sala yenyewe "yetu" ni kimilikishi kidogo, kinatamkwa na kupita. Tin amekishika kimilikishi hicho akakirudia, akakirudia tena, mpaka silabi zake mbili zikaacha kuwa neno na kuwa mdundo. Kwaya inapofika hapo, "yetu" inafanya kazi ya ngoma. Nimeusikiliza wimbo huo mara nyingi na bado naona hapo ndipo palipo na ufundi wake, kuliko kwenye tarumbeta na nyuzi zinazopanda kwa kishindo mwishoni.

Lakini tazama wimbo huo unapokaa. Ni wa ukurasa wa mwanzo. Unapigwa kabla mchezaji hajajenga mji wala kutangaza vita. Una mwanzo wake, kilele chake na mwisho wake, na hakuna chochote unachofanya kinachoubadilisha. Kwa maneno mengine, kazi ya kwanza ya gemu kupewa Grammy ni ile sehemu ya gemu inayofanana kabisa na wimbo wa kawaida. Siipunguzii heshima hata chembe. Ila inaonyesha ni mlango gani muziki huu uliruhusiwa kuingilia kwanza.

Namna ya kutunga usichojua kitakwisha lini

Mtunzi wa filamu anajua kila kitu mapema. Jambazi anafungua mlango dakika ya 42 na sekunde ya 10, na atafungua hapohapo kila filamu itakapoonyeshwa. Mtunzi wa gemu anaambiwa tu kuna mlango. Mchezaji anaweza kuufungua sasa, baada ya nusu saa, au asiufungue kabisa akaenda kuvua samaki. Muziki lazima uwe tayari kwa yote hayo, na mpito kutoka hali moja hadi nyingine usisikike kama redio iliyohamishwa stesheni kwa pupa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Michael Land na Peter McConnell wa kampuni ya LucasArts walilitengenezea tatizo hilo mfumo unaoitwa iMUSE, ulioanza kutumika katika Monkey Island 2 ya 1991. Katika gemu hiyo kuna mji uliojengwa kwa mabaki ya meli mbovu. Unapotembea nje unasikia tuni moja ya mji. Ukiingia nyumba hii, tuni inavaa ala nyingine na kushika tabia ya mwenye nyumba. Ukitoka, inarudi. Ukiingia nyumba ya pili, inageuka tena kwa namna yake. Siri ni kwamba mfumo haukati. Unangoja mahali panapofaa ndani ya muziki, unapiga kipande kifupi cha kuvusha, ndipo unabadilisha. Unachosikia wewe ni kama wanamuziki wanakufuata mlangoni wakikutazama miguu.

Njia hiyo mtu anaweza kuiita kupanga vipande. Kondo aliitumia kwa namna nyingine katika The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya 1998. Uwanda mkubwa ambao mchezaji anauvuka mara kwa mara ungemchosha kwa tuni moja, basi akatunga vipande vifupi vingi vinavyoweza kufuatana kwa mpangilio wowote. Mashine huvichagua kwa bahati nasibu. Ukisimama, inachagua vile vya utulivu. Adui akikaribia, vile vya mashaka. Kila kipande lazima kikubali kufuatwa na chochote na kumfuata yeyote, na hilo ni sharti ambalo mtunzi wa simfonia hajawahi kuwekewa. Wazo lenyewe lina mababu, kwani mwishoni mwa karne ya 18 ulichapishwa mchezo wa dadu unaohusishwa na jina la Mozart, ambapo mtu alirusha dadu na kupata dansi mpya kutoka vipande vilivyoandikwa tayari. Wakati ule ilikuwa burudani ya sebuleni tu.

Njia ya pili ni kupandisha tabaka, na ngoma za Yoshi ni mfano wake mfupi kuliko yote. Muziki mmoja unarekodiwa katika matabaka yanayokwenda sambamba, na gemu inafungua au kufunga kila tabaka kulingana na kinachotokea. Red Dead Redemption ya 2010 iliipeleka mbali. Bill Elm na Woody Jackson walirekodi sehemu kubwa ya muziki wake kwa ufunguo mmoja na kasi moja, mapigo 130 kwa dakika, ili karibu kipande chochote kiweze kulala juu ya kingine. Unapanda farasi peke yako, kuna besi na upepo. Mtu anakufyatulia risasi, ngoma zinaingia. Unamtoroka, zinapungua moja moja. Hakuna aliyetunga mfuatano huo. Kilichotungwa ni masharti ya kuwezekana kwake.

Kiswahili kinanisaidia hapa kuliko lugha zinazotumia neno moja kwa gita na kwa mpira. Sisi ala tunaipiga na muziki tunaucheza. Anayepiga yuko upande huu, anayecheza upande ule, na kila mtu anajua mpigaji mzuri ni yule anayemwangalia mchezaji. Gemu imevuruga mpaka huo. Aliyeshika kidhibiti anacheza, hilo liko wazi. Lakini ni yeye pia anayeleta ngoma ziingie, anayeharakisha noti nne za Nishikado, anayeamua uwanda uimbe kwa utulivu au kwa mashaka. Anacheza na kupiga kwa mikono ileile, wala hajui.

Hoja za wanaokataa

Wapo wanaosema muziki uliotungwa kutumikia kitu kingine hauwezi kuwa sanaa kamili. Hoja hii sipotezi muda nayo. Bach aliandika kila juma kwa ajili ya ibada ya Jumapili, Tchaikovsky aliandika ili watu wapate kurukaruka jukwaani, na hakuna anayewadai radhi.

Nzito zaidi ni ile ya Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Marekani. Mwaka 2005, na tena kwa ukali zaidi mwaka 2010, alisisitiza kwamba gemu haziwezi kuwa sanaa. Kiini cha hoja yake kilikuwa kwamba gemu humpa mchezaji uchaguzi, wakati sanaa ya kweli inamtaka msanii mwenyewe ashike hatamu. Watu wengi walimkasirikia. Mimi naona alilitaja jambo lenyewe hasa, akalihukumu vibaya. Ni kweli mtunzi wa gemu hashiki hatamu ya muda. Ameitoa. Lakini kuitoa hatamu na bado muziki ukafika mahali pake, kwa wakati wake, kwa kila mchezaji kati ya wengi wasiofanana, kunahitaji mtunzi aliyefikiri zaidi, kwa sababu amelazimika kuyatunga hata yale ambayo huenda yasisikike kamwe.

Hapa ndipo naudhika kidogo na jinsi tuzo zinavyofanya kazi. Muziki unafika sokoni kama albamu. Matabaka yameshalazwa chini, vipande vimeshapangiliwa mara moja na kwa daima, mwisho umeshabandikwa mahali pasipokuwa na mwisho. Chukua Minecraft. Ndani ya gemu, muziki wa C418 hauji kila wakati. Unachimba, unajenga, unasikia hatua zako na jiwe likivunjika, dakika nyingi zinapita kimya. Kisha, bila sababu unayoijua, kinanda kinaanza polepole jua likizama, na unashusha mikono kidogo. Nusu ya utunzi huo ni ule ukimya uliotangulia. Kwenye albamu ukimya umeondolewa, na nyimbo zinafuatana kama watu kwenye foleni. Albamu ni nzuri, na nafurahi imehifadhiwa, ila kilichohifadhiwa ni nusu.

Walioliona pengo hili mapema ni wasomi. Karen Collins alichapisha kitabu chake Game Sound mwaka 2008, na kundi la watafiti wa Uingereza likaanza mikutano ya kila mwaka iliyofunguliwa Oxford mwaka 2012. Mwaka 2020 likazaliwa jarida maalumu la kitaaluma huko California, Journal of Sound and Music in Games. Swali linalowaumiza kichwa ni la msingi: ukitaka kuandika muziki wa uwanda wa Zelda kwenye karatasi, unaandika nini? Ukiandika vipande vyote, hujaandika mpangilio. Ukiandika mpangilio mmoja, umeandika mchezo wa mtu mmoja siku moja.

Jibu moja nililolipenda limetokea jukwaani. Journey ni gemu ya 2012, safari ya saa mbili hivi ya mtu aliyejifunika joho akivuka jangwa kuelekea mlimani. Muziki wake wa Austin Wintory, unaobebwa na chelo moja, ala kubwa ya nyuzi, ulikuwa wa kwanza wa gemu kuteuliwa na Grammy katika kipengele cha muziki wa kazi za kutazamwa, ukishindana na filamu. Baadaye Fifth House Ensemble, kundi la Chicago, liliamua kuupiga gemu ikichezwa palepale. Mchezaji anakaa jukwaani na kidhibiti mkononi, skrini inaonekana na wote, na wanamuziki wana noti zilizogawanywa vipande vya kurudiwa. Hakuna rekodi ya kufuata, na hakuna ajuaye jioni hiyo itachukua muda gani.

Mchezaji anapanda tuta la mchanga, na muziki unapanda naye. Kisha anasimama. Labda anataka kutazama jua tu. Mkono wa mpiga chelo unarudi mwanzo wa kipande, anakipiga tena, polepole zaidi kidogo, macho yote ya jukwaani yakiwa juu kwenye skrini, yakisubiri yule mtu mdogo mwenye joho ainue mguu.